Jumapili za Fundi Mitambo

Jumatatu asubuhi, kabla hatujawasha cherehani hata moja, Fundi Mitambo alipita katikati ya meza akimuuliza kila mtu swali lile lile: "Jana ulikwenda wapi?"

Swali hilo lilitutesa. Tulikuwa mafundi kumi na wawili katika karakana ya sare za shule pale Jeppestown, Johannesburg, ghorofa ya pili, juu ya gereji iliyonuka rangi ya magari kutwa nzima. Siku sita tulishona. Siku ya saba tulikwenda kanisani au msikitini, tukarudi, tukalala. Ukimwambia Fundi Mitambo kwamba ulilala, alikutazama kama umempa habari ya msiba, akasema, "Pole sana," na alimaanisha. Kisha aliinamia mashine yako, akaifungua, na huku akiipaka mafuta akaanza kukusimulia yeye alivyoitumia Jumapili fulani huko Coimbatore.

Hatukujua Coimbatore ni wapi mpaka tukawa tunaijua kuliko Johannesburg. Ni mji wa viwanda, kusini mwa India, na yeye alifanya kazi huko miaka mitatu, akitengeneza mitambo ya kusokota nyuzi. Alikuwa Mtanzania wa Morogoro kama mimi, ingawa nyumbani hatukuwahi kuonana. Mambo ya Morogoro hakuyagusa. Ukimuuliza habari za huko alisema, "Wazima," akarudi India.

Jirani yangu wa meza alikuwa Mama Furaha, Mkongomani wa Bukavu, mshonaji wa kola na mwimbaji wa kwaya. Yeye peke yake hakumwogopa.

"Jana ulikwenda wapi, Mama Furaha?"

"Mbinguni, Fundi. Nilikuwa kanisa saa nne mzima. We India yako ilifika hapo?"

Fundi Mitambo alitikisa kichwa.

Hapo lazima nieleze kichwa chake. Alikuwa na namna ya kukiyumbisha, kushoto na kulia, taratibu, kama mtu anayepima uzito wa masikio yake. Aliichukua huko India, na alidai kwamba amejaribu kuiacha imekataa. Shida ni kwamba hakuna aliyejua maana yake. Bosi akimuuliza kama mashine ya ovaloki imepona, kichwa kikayumba, bosi akaondoka akichekelea. Baada yake akaja mteja kuuliza kama sketi mia mbili zitakuwa tayari Ijumaa, kichwa kikayumba vile vile, mteja akaondoka amenuna.

"Sasa ni ndiyo au ni hapana?" nilimuuliza siku moja.

"Wala si ndiyo, wala si hapana. Maana yake nimekusikia."

"Lakini mtu anataka jibu, Fundi."

"Kusikilizwa nako si jibu dogo," alisema, akaendelea kukaza skrubu.

Kwa mashine alikuwa hodari ajabu. Aliweka sikio kwenye cherehani kama daktari, akakwambia kinachouma kabla hajafungua kitu. Kwa mambo mengine alikuwa mtu wa ajabu tu. Alisifu vyakula vya kule, akapika dengu zenye ukwaju Jumamosi, akazibeba kazini kwenye kopo la chuma la ghorofa nne, kila ghorofa na chakula chake. Alipoanza kula, machozi yalimtiririka, kwa sababu miaka yote mitatu hakuwahi kuizoea pilipili. Mama Furaha akimpa maji, aliyakataa. "Haya si machozi ya pilipili," alisema, pua ikichuruzika. "Ni ya kumbukumbu."

Hadithi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya harusi. Fundi mwenzake wa kiwandani alioza binti yake, akamwalika. Fundi Mitambo alipofika alijikuta ndiye mgeni wa mbali kuliko wote, basi wakamkalisha mbele, wakampandisha jukwaani apigwe picha na maharusi, kisha na wazazi wa bwana harusi, kisha na kila shangazi aliyetaka. "Kuna familia kule," alisema, "ambayo albamu yake ya harusi ina sura yangu kuliko sura ya bwana harusi." Chakula kililiwa kwenye jani la mgomba. Aliposhiba, alilikunja jani kwa adabu akilisukuma upande wa mbele yake. Ukumbi ukanyamaza. Bibi mmoja akaziba mdomo kwa ncha ya sari. Kumbe ukila ukaridhika unalikunja kuelekea kwako. Kulikunja kwenda mbele ni desturi ya matangani.

"Nikawa nimewazika maharusi," alisema, "na wali bado mdomoni."

"Ukafanya nini?"

"Nikaomba jani jingine. Nikala tena mwanzo mpaka mwisho. Nikalikunja vizuri. Wakapiga makofi. Usiku ule sikulala kwa shibe, lakini ndoa ile ilisimama."

Tulicheka sana, na baada ya kucheka tulirudi kwenye sare zetu, na Jumapili ikifika tulilala.

Mimi nilikuwa mbaya kuliko wote. Nilifika Johannesburg mwanzoni mwa mwaka 2015, na ndugu aliyenipokea alinipa masharti ya mji siku ile ile: usizungumze Kiswahili barabarani, usitoe simu, usisimame pasipo sababu. Mwaka huo watu walikuwa wakinong'ona kuhusu maduka ya wageni yaliyovunjwa, na kila mnong'ono niliubeba nikaenda nao chumbani. Ulipopita mwaka na nusu nilijua njia mbili tu: ya kazini na ya kanisani. Nyumbani niliwaambia Johannesburg ni nzuri, nikiitazama kwenye kalenda ya ukutani.

Fundi Mitambo alinikuta siku moja mchana nikila peke yangu karibu na dirisha. Akakaa kwenye marobota ya vitambaa. Hakuniuliza swali lake.

"Nitakwambia kitu ambacho hawa sijawaambia," alisema. "Wiki sita za kwanza kule sikutoka nje. Kiwandani, bwenini, kiwandani, bwenini. Watu walinitazama, watoto walinigusa ngozi kuona kama rangi inatoka. Nikasema, miaka mitatu si mingi, nitaihesabu humu humu ndani. Mpishi wa bweni alikuwa mama mmoja mnene, hajui Kiingereza. Jumapili ya saba nilikwenda kuchukua chai ya asubuhi, akanikatalia. Akanifungia chakula kwenye gazeti, akanishika mkono mpaka kituo cha basi, akanisukumia ndani. Sikujua basi linakwenda wapi."

"Lilikwenda wapi?"

"Mlimani. Huko juu kulikuwa na baridi sijapata kuiona. Nikanunua shali ya kike kwa sababu ndiyo iliyobaki dukani, nikatembea nayo kutwa, wala hakuna aliyenicheka." Alichomoa uzi kwenye robota. "Walinicheka. Lakini nilikuwa nimeshatoka."

Kisha akainuka, akajifuta suruali. "Jumapili hii tunakwenda Soweto kuona minara miwili iliyopakwa rangi. Chakula nitafunga mimi."

Nilitaka kukataa, ila nilimtazama nikaona kwamba angenishika mkono kweli.

Tulikwenda watatu: yeye, mimi na Mama Furaha, ambaye alisema anakuja ili awepo mtu mmoja mwenye akili. Tulishuka kwenye treni, minara ikaonekana vizuri kabisa, mikubwa, yenye michoro ya kila rangi. Mtu yeyote angeifikia kwa kuitazama tu na kutembea. Fundi Mitambo alituongoza, na baada ya nusu saa minara ilikuwa nyuma yetu.

"Tuulize," nilisema.

"Hapana. Ukiuliza unafika upesi, halafu ukishafika unafanya nini?"

Tuliingia mtaa wa nyumba ndogo za matofali, kila moja na lango lake. Baridi ya Juni ilikuwa inauma. Vijana waliokaa mbele ya kiduka cha spaza waliacha kuzungumza tulipopita.

"Fundi," Mama Furaha alisema kwa sauti ya chini, "batu banatuangalia."

"Na sisi tuwaangalie. Ndicho tulichojia."

Mbele yetu hema kubwa jeupe liliziba nusu ya barabara. Masufuria yalikuwa yakichemka, watu wameketi kwenye viti vya plastiki, harufu ya nyama imetanda mtaa mzima. Fundi Mitambo alifurahi. "Mgahawa," alisema, akaingia.

Haukuwa mgahawa. Ilikuwa harusi ya Kizulu, siku ya pili, siku ambayo upande wa bibi harusi unafika nyumbani kwa bwana harusi. Pande mbili zilikaa zikielekeana, kila upande ukiimba kuushinda mwingine, na sisi watatu tukasimama katikati na kopo letu la ghorofa nne. Nyimbo zilikatika. Mzee mmoja mwenye koti refu na fimbo alikuja polepole, akatutazama mmoja mmoja, akamuuliza Fundi Mitambo kwa Kizulu, kisha akarudia kwa Kiingereza: sisi ni wa upande wa bibi harusi?

Nilimwona Fundi Mitambo akifikiri. Kisha, Mungu ni shahidi wangu, kichwa chake kikayumba, kushoto, kulia.

"Awu!" mzee akasema, uso ukamfunguka. Akageuka akatangaza. Upande wa bibi harusi ulikuwa mdogo, watu kama kumi na tano waliofika kwa basi dogo kutoka mbali, na wimbo wao ulikuwa unazidiwa. Wakatutazama. Waliona kabisa kwamba hawatujui. Shangazi mmoja kibonge alitupima kwa macho, akaona kifua cha Mama Furaha kinachofaa kuimba, akaamua. Akasogeza viti vitatu.

"Fundi," nilisema kwa meno yaliyofungwa, "nitakuua."

"Kaa kwanza. Unakataaje kiti?"

Upande wa pili ukaimba, ukakanyaga ardhi mpaka vumbi likapanda. Ikawa zamu yetu. Shangazi akamgusa Mama Furaha begani. Mama Furaha akaniangalia, akamwangalia Fundi Mitambo kwa jicho ambalo hajamsamehe hadi leo, akasimama. Akaanzisha wimbo wa kwaya yao, kwa Kiswahili cha Bukavu, kwa sauti inayotoka magotini. Mstari wa kwanza aliimba peke yake. Mstari wa pili wanawake wa upande wetu waliukamata bila kuyajua maneno, wakautia sauti ya chini na ya kati kama vile wamekuwa kwenye mazoezi naye mwezi mzima. Mimi nikajikuta nimesimama, ninapiga makofi, ninaimba Kiswahili barabarani Soweto kwa sauti yangu yote, sharti la kwanza na la tatu nimeyavunja pamoja.

Tulishinda. Upande wa bwana harusi wenyewe walikubali, wakapiga vigelegele. Tukalishwa ugali wao wanaouita pap, nyama, viazisukari vyekundu na kinywaji cha tangawizi kilichowasha koo. Bibi harusi alikuja kutusalimu, shingo yake imejaa shanga, akamnong'oneza shangazi swali. Shangazi alimjibu kwa Kiingereza ili nasi tusikie: "Sijui ni nani, mwanangu, lakini ni wetu."

Minara hatukuifikia. Jioni, yule mzee wa fimbo alituma vijana watusindikize mpaka stesheni. Walikuwa wale wale wa pale spaza. Njia nzima walimwomba Mama Furaha arudie ule wimbo, na waliposikia naogopa mji walinicheka, wakanifundisha namna ya kuonyesha kidole teksi isimame, maana hapa teksi ndiyo daladala. Jumatatu, Fundi Mitambo alipopita na swali lake, nilijibu kwa sauti ili wote wasikie.

Baada ya hapo tulitoka karibu kila Jumapili. Walijiunga wengine, wakaacha, wakarudi. Tulipotea vizuri sana sehemu nyingi.

Safari moja tu ilimrudisha kimya. Ilikuwa mwaka 2017, tulipokwenda Lenasia, mtaa wa Wahindi kusini mwa jiji, kuona hekalu. Wiki nzima alikuwa anajinoa. Alituambia atazungumza Kitamil, lugha ya kule Coimbatore, na wenyewe, na sisi tutashuhudia. Alivaa shati jeupe, akavua viatu mlangoni, akamsogelea mama mmoja aliyekuwa anapanga maua, akaunganisha viganja. "Vanakkam," alisalimia, akaendelea na sentensi ndefu iliyopanda na kushuka.

Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho. "Samahani, uncle," alijibu kwa Kiingereza. "Sisi hapa tuna vizazi vitano. Mimi nazungumza Kiingereza, na Kizulu kidogo cha sokoni."

Mama Furaha alitoka nje kwenda kucheka. Lakini yule mama, kwa huruma, alimwita bibi yake aliyekaa kwenye kiti pembeni, mzee mwenye miwani minene, wa mwisho katika ukoo mzima kuijua lugha. Fundi Mitambo alipata uhai. Walizungumza, wakaelewana, bibi akamshika mkono, akamuuliza kama amekula. Tulipewa wali mtamu kwenye bakuli. Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka tulipoaga. Fundi Mitambo aliinama, akamwambia kuhani wa hekalu kwa heshima kubwa: "Poda."

Kuhani hakujua lugha hiyo vizuri, akatabasamu. Bibi aliijua. Alicheka mpaka miwani ikaanguka mapajani.

"Mwanangu, nani kakufundisha hilo?"

"Msimamizi wangu wa zamu. Kila jioni nikimaliza kazi aliniambia hivyo. Si ndiyo kwaheri?"

"Hapana," bibi alisema akijifuta macho. "Ni kumfukuza mtu. Ni kama, toka hapa wewe."

Kwenye teksi ya kurudi, Fundi Mitambo alikaa dirishani, paji la uso kwenye kioo. Mama Furaha naye, ambaye alikuwa amejiandaa kumtania mwezi mzima, alijizuia. Tulifika mpaka kwenye roboti, taa za barabarani wanaziita hivyo hapa, taa ikawa nyekundu, tukasimama.

"Miaka mitatu," alisema. "Kila jioni. Na mimi namjibu vile vile, kwa tabasamu. Msimamizi wangu. Mbele ya watu."

"Akafanya nini?" niliuliza.

"Mara ya kwanza alishtuka. Halafu akacheka. Kuanzia hapo akawa ananisubiri mlangoni, aniambie, nami nimwambie, tucheke." Taa ikawa kijani. "Siku ninaondoka alikuja stesheni. Alinipigia kelele neno hilo hilo treni inaondoka, na alikuwa analia."

Akatafakari. "Basi ilikuwa kwaheri," alisema, akaanza kucheka, na ndipo Mama Furaha alipojiruhusu.

Mwaka 2018 karakana ile ilifungwa na tukatawanyika. Mama Furaha alijishonea nyumbani. Mimi nilipata kazi kwa fundi wa magauni ya harusi. Fundi Mitambo alipanga kibanda Malvern, Jules Street, akawa anatengeneza cherehani za watu. Tulipigiana simu, kisha tukawa hatupigiani. Ndivyo mji ulivyo.

Katikati ya mwaka 2019 Mama Furaha alinipigia asubuhi. "Fundi anarudi kwabo. Leo. Basi ni saa tano, Park Station. Njoo mbio."

Tulimkuta amekaa juu ya sanduku, amevaa lile shati jeupe, amepungua. Miaka kumi, tangu aende India, alikuwa hajafika nyumbani; na hapa Afrika Kusini vibali vyake vilikuwa vya namna ambayo ukitoka huwezi kurudi. Sasa ameamua kutoka. Nilitegemea atatusimulia njia: Zimbabwe, Zambia, mpaka wa Tunduma. Hakusema lolote. Alikuwa anajisugua magoti kama mtoto anayengoja sindano.

"Una nini, Fundi?" nilimuuliza.

"Wewe ni wa Morogoro," alisema. "Ile milima ya Uluguru. Umewahi kuipanda?"

"Tulikuwa tunapanda tukiwa shule. Unafuata barabara ya Morningside, unapita mashamba ya maua na stroberi, juu kuna maji yanaanguka. Mbona unauliza? Si ipo nyuma ya nyumba yenu?"

"Ipo dirishani kabisa. Sijawahi kukanyaga." Aliangalia viatu vyake. "Tulikaa na mke wangu miaka kumi na tisa tukiitazama. Jumapili nililala. Nimempeleka kila mtu kila mahali, yeye sijampeleka hata sokoni. Nataka nimwambie tupande. Sijui naanzaje. Kwenye simu nimejaribu, nikaishia kumuuliza mvua."

Mama Furaha akaweka mkoba wake chini, akajifunga kitenge vizuri kiunoni.

"Alors, mi ni bibi yako," alisema, akiigiza mke wake. "Uko umefika. Umekula, umelala. Leo ni Ijumaa. Sema."

Fundi Mitambo alisimama, akasafisha koo. "Mama, naona, unajua, ile milima, kijiolojia..."

"Ananiacha miaka kumi, anarudi na mawe," Mama Furaha akasema. "Anza tena."

"Mama, Jumapili tutoke."

"Tutoke wapi? Nguo za kufua atafua nani? Hawa wajukuu? Hizi vyombo?"

Alibabaika. Kondakta alikuwa ameanza kuita majina, watu wanapakia mablanketi na televisheni. Fundi Mitambo alimtazama Mama Furaha, akanitazama mimi, akafumba macho kama anayesikiliza mashine mbovu.

"Nitafua mimi," alisema. "Jumamosi. Zote."

Mama Furaha akamshika bega. "Hiyo," alisema, na sauti yake haikuwa na utani tena. "Mwambie hiyo kwanza. Mlima utakuja nyuma."

Jina lake likaitwa. Tulimsaidia sanduku mpaka mlangoni. Hakutuaga vizuri, alikuwa ameshakwenda mbali. Alipanda ngazi za basi polepole akiwapisha watu, midomo ikicheza, na alipopita kwenye dirisha la tatu tukamsikia anajifunza: "Nitafua mimi, Jumamosi. Nitafua mimi."